Tembea Huku Ukisema

Shemeji alipopiga simu kutangaza kwamba anakuja Jumamosi kumchukua mume wangu, akapumzike huko kwao mpaka Mungu atakapoamua, nilikuwa na pasi ya moto mkononi. Bahati yake alikuwa mbali. Nilimjibu kwa adabu zote, maana ni shemeji mkubwa na ndiye aliyemlea mume wangu, nikamwambia karibu sana shemeji, njoo salama. Simu ilipokatika nikalishukia shati la watu kwa hasira mpaka likakauka kama karatasi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa nyuma yangu anakunja mashuka. Alisikia kila neno, na kama kawaida yake hakusema kitu.

Niwaeleze kwanza huyu mume wangu. Sisi ni madobi. Tuna chumba cha mbele chenye meza za kupigia pasi, ua wa nyuma wenye kamba za kuanikia, na vyumba vya kulala ambavyo siku za mvua navyo hugeuka kuwa ua. Mimi napokea wateja, yeye ananyoosha. Kazi alifundishwa na mafundi wa zamani, wale wanaojaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo kabla ya kupitisha pasi. Nimemletea chupa za kupulizia, amezipanga dirishani kama mapambo. Sasa mtu aliyeshinda na maji mdomoni tangu ujana wake ataongea saa ngapi? Wateja wakampa jina la Bwana Kimya, nalo likamkaa kuliko alilopewa na mama yake. Majirani hunitania kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi huwajibu kwamba huo mshindo nimeusubiri mpaka nimeota mvi.

Ugonjwa nao ulimwingia bila kelele. Alianza kusimamisha pasi katikati ya suruali, ameshika ukingo wa meza. Kisha miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia, na kitandani akawa analala ameketi, mito imejazana mgongoni. Niliona, nikapayuka, nikamburuta hospitali. Daktari akasema moyo wake umedhoofika, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Haujasimama, alisisitiza, unafanya kazi, ila kwa shida. Akamlaza, akampa dawa za kutoa maji na za kuupunguzia moyo mzigo, uvimbe ukashuka. Alipotulia kabisa, daktari akatoa agizo ambalo nilimwomba alirudie: mgonjwa aanze mazoezi. Si peke yake wala si ovyo ovyo, bali hapo hospitalini, mbele ya mtu aliyesomea.

Nikamuuliza kama amesahau kwamba kinachoumwa ni moyo, si goti. Akasema hajasahau. Mtu akilala tu, misuli inasinyaa, na misuli iliyosinyaa inaudai moyo damu nyingi kwa kazi ndogo. Ukiizoeza miguu kufanya kazi vizuri, moyo unapata nafuu hata kama wenyewe haujapona. Dawa haziachwi, mazoezi yanaongezwa juu yake. Hilo nililielewa haraka, kwa sababu nami nikiwa na msaidizi mvivu dukani, anayechoka ni mimi.

Shemeji hakulielewa, na hakutaka kulielewa. Baba yao alianguka uani akipasua kuni, akafa shoka likiwa bado mkononi. Shemeji ndiye aliyemwokota, naye alikuwa kijana tu. Tangu siku hiyo ana imani moja: kazi ndiyo iliyomuua baba, na mtu wa ukoo ule akiguswa moyo, alale. Aliyasema hayo hospitalini, akayasema kwenye simu kila juma. Mume wangu alimsikiliza tu. Hajawahi kumpinga kaka yake kwa neno lolote, hata siku kaka alipomchagulia suti ya harusi yetu, ambayo ilikuwa ya kahawia, na mimi hiyo suti sijaisamehe.

Basi tukaanza. Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido, zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Humo mlikuwa na baiskeli zisizokwenda popote, viti vya kukaa na kusimama, kingazi kifupi cha kupanda na kushuka, vyuma vidogo vya kunyanyua, na utepe mwekundu sakafuni wa kuonyesha njia ya kutembea. Msimamizi alikuwa binti mwembamba, mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Wagonjwa walimwita Sajini, naye akaitika. Kabla mtu hajagusa kitu, alimpima presha, akampandisha kwenye mizani, akambonyeza miguu kuona kama imejaa maji. Sheria yake ilikuwa moja na hakuchoka kuirudia: fanya zoezi huku ukiweza kuongea. Ukiweza kuimba, unatega, ongeza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, punguza.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sajini anapita kwenye baiskeli, anamuuliza mume wangu anaendeleaje. Mume wangu anatikisa kichwa. Anamuuliza tena jana alilalaje. Mume wangu anainua kidole gumba. Sajini anadhani mzee pumzi imemwishia, anapunguza uzito wa baiskeli. Kesho yake hivyohivyo, anapunguza tena. Wenzake walioanza naye siku moja walishaanza kupanda kingazi, yeye bado anazungusha miguu kama mtu anayesindikiza maiti. Mimi hayo yote sikuyajua. Sisi jamaa za wagonjwa tulikuwa tunakaa nje kwenye benchi, tunasimuliana magonjwa.

Mpaka siku moja Sajini akatoka, akaketi karibu nami, akaniambia kwa upole kwamba mzee hapigi hatua. Pumzi inamkatika kwenye kazi nyepesi mno. Alikuwa anafikiria kumrudisha kwa daktari, mazoezi yasimame kwa sasa. Mazoezi yakisimama, shemeji ameshinda, na mume wangu anakwenda kulala chali huko kwao, mbali na daktari, mpaka asinyae aishe. Kisha nikajiuliza: pumzi inamkatika? Huyu ambaye asubuhi ile ile alibeba beseni la nguo mbichi mpaka kwenye kamba, nami nikamgombeza? Nikanyanyuka, nikaingia chumbani humo bila kukaribishwa.

"Binti yangu," nikamwambia Sajini, "huyu hakosi pumzi. Anakosa la kusema. Nimeishi naye akiwa mzima wa afya, na sentensi alikuwa hamalizi."

Wagonjwa wakacheka mpaka mmoja akaambiwa apunguze. Sajini yeye hakucheka. Alimwinamia mume wangu, akamuuliza kama kweli anahema. Akatikisa kichwa kukataa. Mbona hukuniambia? Akainua mabega. Sajini akakubali kwamba na yeye alikosa, alipaswa kumchunguza zaidi kabla ya kumpunguzia. Lakini akamweleza kwamba dawa anazokunywa zinautuliza mpigo wa moyo, kwa hiyo kumshika mkono na kuhesabu hakumwambii kila kitu. Anahitaji kusikia sauti.

"Mzee, humu ndani maneno ni kipimo," akasema. "Usiponipa maneno, nakuzoeza gizani."

Aseme nini, sasa? Lolote. Akazungusha, akazungusha, chumba kizima kinasubiri, mimi mlangoni nimeshika mkoba kifuani kama niliyeleta mtoto kwenye mtihani. Ndipo akafungua kinywa. Akasema yuko mteja mmoja, mwalimu, ambaye mfuko wa shati hauishi chaki, na mwalimu huyo hana leso, anafuta kamasi kwa mkono wa shati, daima wa kushoto. Akaona watu wanataka zaidi. Akaendelea kwamba bwana harusi mmoja alileta suti ifuliwe siku moja baada ya harusi, ina alama ya kiatu mgongoni, naye kama dobi hakumuuliza sababu. Akaeleza kwa nini kola nyeupe inageuka manjano hata ikifuliwa na nani. Baiskeli zote zilikuwa zimepunguza mwendo ili watu wasikie. Sajini akaongeza uzito mara moja, akaongeza tena, na Bwana Kimya akawa bado yuko kwenye kola. Nilipigwa na butwaa. Mambo yote yale alikuwa nayo kichwani miaka yote, na mimi mkewe nayasikia pamoja na wageni.

Kuanzia hapo haba na haba ikajaza kibaba. Kutoka baiskeli akaenda kwenye kingazi, kutoka kingazi akapewa vyuma, na siku zisizo za hospitali aliagizwa atembee mtaani. Mtaa wetu unapanda kilima kuanzia dobi hadi kituo cha magari. Mwanzoni tulikuwa tukifika duka la dawa tunageuza. Baadaye tukafika kwa kinyozi. Baadaye tukafika kituoni, tukamkuta kondakta anatuita tupande, tukamwambia sisi tumekuja kwa miguu na tunarudi kwa miguu.

Na njia nzima lazima aseme, maana nilimwambia asiposema namshtaki kwa Sajini. Akasema. Aliniambia kwamba ile suti ya kahawia na yeye aliichukia. Nilicheka katikati ya barabara mpaka kinyozi akatoka na mkasi wake kuuliza kulikoni. Aliniambia habari za baba yake, ambazo hakuwahi kunigusia: kwamba siku ile alikuwa mdogo, na kaka yake alimbeba akamficha uso begani asione, akakimbia naye mpaka kwa jirani. Tulikuwa tukirudi nyumbani mimi nimechoka kusikiliza, yeye hajachoka kusema. Mambo ya dunia hayo. Nilianza kuvaa vizuri nikienda kutembea na mume wangu.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa mteremko mtupu. Asubuhi moja Sajini alimpandisha kwenye mizani, akakunja uso. Uzito ulikuwa umeruka ghafla, na kidole kilipobonyeza mguu kikaacha shimo. Alikuwa amekula vitu vya chumvi kwenye sherehe ya jirani, mimi nikiwa nimegeuka kusengenya. Sajini alimkataza kugusa baiskeli siku hiyo, akampeleka kwa daktari mwenyewe, akimwambia mazoezi ni ya mtu aliyetulia, si ya mtu anayejaa maji. Dawa ikabadilishwa kipimo, maji yakatoka, akarudi. Lakini mdomo wa mtu ni debe. Habari zikamfikia shemeji kwamba mdogo wake amezidiwa kwa mazoezi. Ndipo ikaja ile simu.

Jumamosi ikafika. Shemeji ni seremala mstaafu, mrefu, mzito wa mwili, koti limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai yake taratibu, akasema aliyokuja kuyasema. Ameshakodi gari, litafika kituoni adhuhuri, maana mtaani kwetu magari hayashuki. Nguo za mgonjwa zifungwe. Dobi lifungwe kwa muda. Kwangu aligeuka akasema, shemeji, umefanya sehemu yako, Mungu akulipe. Hakuwa anauliza. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama sakafu, kama alivyotazama siku ya suti.

Niliogopa. Mimi mwenye mdomo, niliogopa. Si kwamba nilitaka kubishana na shemeji, nimeshabishana na wakubwa zaidi yake. Niliogopa kuwa mjane wa mtu ambaye ndiyo kwanza nimeanza kumsikia. Neno langu lisingemzuia shemeji. Angesema huyu mwanamke anamng'ang'ania mgonjwa ili apige pasi. Neno lilitakiwa litoke kwa mwenyewe.

Mume wangu akasimama. Akasema saa yake ya kutembea imefika, kaka amsindikize mpaka kituoni. Shemeji akaona ameshakubali, akaridhika, akachukua kofia yake. Nikafunga mlango wa dobi nikawafuata nyuma, mkoba wa nguo sikuufunga.

Tulipoanza kupanda tu, Bwana Kimya akasema, "Kaka, mimi siendi."

Nilitaka kupiga kigelegele, nikameza mate. Shemeji aligeuza kichwa, akafungua mdomo, akaufunga. Mume wangu akaendelea kutembea kwa mwendo wake ule wa Sajini, wala si wa haraka wala si wa kutega, na akaendelea kusema. Akamweleza juu ya baiskeli, na kingazi, na jinsi alivyokuwa analala ameketi na sasa analala kama watu. Akamweleza kwamba ile chumvi ilikuwa kosa la ulafi wake, si la mazoezi. Tukapita duka la dawa. Shemeji kimya.

"Ulinibeba siku ile nisimwone baba," mume wangu akasema. "Nakushukuru mpaka kesho. Lakini baba hakuwa na daktari, kaka. Hakuwa na dawa. Miguu yake ilivimba muda mrefu na hakuna aliyejua maana yake. Kuni hazikumuua. Zilimkuta anakufa."

Tulikuwa tumefika kwa kinyozi. Shemeji akasimama, mkono mmoja ukutani, kichwa chini, hajibu. Nikasema moyoni, haya, amenuna. Ni ukoo wao, hawa wakikasirika hunyamaza, na mkubwa huyu akinyamaza anaweza kunyamaza mpaka mwaka upinduke. Nikaanza kumtuliza kwa maneno yangu mengi, kwamba shemeji usichukie, huyu ni mdogo wako, hakukusudia kukuvunjia heshima. Mume wangu akaniinulia kiganja ninyamaze. Alikuwa amemkazia macho kaka yake, na macho yale niliyafahamu. Ni macho ya Sajini.

"Kaka," akasema polepole, "hebu nihesabie mpaka kumi."

Shemeji akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Akaanza. Moja, mbili, tatu. Akasimama kuvuta hewa. Nne. Akavuta tena. Tano haikutoka. Kumbe hakuwa amenuna. Tulikuwa tumembebesha kilima, na yeye pumzi ilikuwa imemwishia tangu duka la dawa, na ukubwa wake haukumruhusu kusema tusimame.

Kinyozi akaleta kiti. Mume wangu akachuchumaa barabarani, akafungua kamba za viatu vya kaka yake, akashusha soksi. Lastiki ilikuwa imechimba mfereji kuzunguka mguu mzima. Akabonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale, tukilitazama wote. Akamuuliza tangu lini. Tangu mwaka jana, shemeji akasema. Analala wapi? Kwenye kiti. Nani anajua? Hakuna.

Ukali wote ulikuwa umeniishia. Nikapiga magoti karibu na kiti, nikamuuliza, sasa shemeji, kama hali ni hii, ulikuwa unampeleka wapi mume wangu, huko ambako wewe mwenyewe hujapata wa kukutibu?

Alichukua muda kupata hewa ya kunijibu. Hakututazama.

"Chumba cha baba," akasema. "Nimekitengeneza. Nimechonga vitanda viwili." Akapumua. "Nilitaka asife peke yake. Na mimi vilevile."

Mume wangu akauweka mkono wa kaka yake begani mwake, akamnyanyua taratibu, na kilima kilichobaki tulikipanda kwa kusimama kila baada ya hatua chache, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine, kinyozi nyuma yetu na kiti chake. Gari lililokodiwa kumchukua mdogo lilikuwa limeshafika. Tukampakia mkubwa. Nikamwambia dereva ageuze, twende hospitali, na asisimame njiani hata aitwe na nani.

Nilikaa mbele. Nyuma, shemeji alikuwa ameegemea dirisha lililo wazi, jasho linamtiririka, amemshika mume wangu mkono kwa nguvu kama anayevuka mto. Mume wangu akamwambia asiogope, watampa dawa, maji yatatoka, kisha akitulia kuna binti mmoja mkali atamfundisha kutembea. Halafu akanyamaza, nadhani kwa kumwonea huruma, ili mgonjwa apumzike. Shemeji akamvuta mkono.

"Sema," akamwambia. "Usinyamaze."

Na Bwana Kimya akamsimulia habari za mwalimu asiye na leso, na za kola nyeupe, na za alama ya kiatu mgongoni kwa bwana harusi, mpaka tukaingia getini.